Jina la Sindano Lililofungiwa Handeni

Niliondoka Korogwe saa tatu asubuhi, nimemwacha mke wangu Mwanahamisi kitandani hospitali. Kidole tumbo, upasuaji saa nane. Daktari alitaka jina la ile sindano iliyomdhuru mwaka jana kwenye zahanati moja ya Handeni, maana akichomwa tena anaweza asiamke. Sisi tunakumbuka kuvimba tu. Alivimba, jamani, nikataka kumfunga kamba asipae.

Daftari la matibabu? Zahanati ile ilipoleta kompyuta walisema madaftari basi. Nikampa Mwanahamisi achane afungie karanga zake. Magonjwa yake yote yameliwa mtaa mzima wa Chanika, kule kule Handeni. Daktari akatafuta kwenye kompyuta yake, wapi. Akasema mashine hizi ni za kampuni mbili zinazogombea wateja, hazipeani habari. Wake wenza wana nafuu, huazimana chumvi. Akapiga simu, zahanati ikajibu habari za mgonjwa hazitolewi kwa simu.

Njiani pikipiki niliyokodi ilikimbia mpaka mkonge ukawa ukuta mmoja. Kijiji cha Sindeni sikukiona, nilikisikia tu. Nilimtania dereva, lakini nimemkaba koti mpaka akalalamika.

Handeni, saa tano kasoro. Binti wa mapokezi akaniamkia vizuri, kisha akasema karatasi hazitoki. Bosi hataki, wagonjwa wakipewa, wanahamia zahanati ya jirani. Labda mwenyewe aje. Nikamwambia mwenyewe atakuja kwa jeneza. Hakucheka. Hata mimi sikucheka. Nikampigia Mwanahamisi, nikaweka sauti kubwa. Binti akamuuliza jina la baba yake na kijiji alichozaliwa, akajibu vyote.

“Mwanangu,” akasema, pumzi zinakatika, “mwenye huo mwili ni mimi. Mpe huyo mzee wangu. Nikifa leo, utakuwa umemtunzia nani?”

Binti akatazama mlango wa bosi. Akachapa.

Kurudi, karatasi ilikuwa ndani ya shati, nimeishika kama kifaranga. Korogwe nikaingia saa nane kasoro robo. Daktari akasoma, akainua bomba la sindano lililokuwa limeshajazwa dawa, akalitazama, akalitupa. Akavuta dawa nyingine.

Mke wangu alitoka salama. Mimi darasa silijui, ila safari ile imenifundisha neno moja, refu kama treni ya mizigo: seftriaksoni. Tukiwa shambani Mwanahamisi huniuliza ghafla, “Linaitwaje?” Nikichelewa kujibu, jembe lake linasimama.