Sauti ya Ratri

Mdogo wangu Wicaksono aliifunga laini ya simu ya binti yangu aliyekufa. Hakuniuliza. Aliifunga apate la kuwaambia wageni mkutanoni.

Nimweleze alivyo, nisije nikaonekana namsingizia. Mama alikufa akimzaa, nami nikambeba mgongoni huku nikifunga tempe za kuuza, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye majani ya mgomba. Shule sikuiona. Baba alikuwa kibarua wa ujenzi Malaysia. Siku alizoahidi kupiga, tulikwenda kwenye kibanda cha simu pale mjini kwetu Klaten, tukajibana ndani ya kile kisanduku cha kioo. Mara moja simu ilikatika Baba akiwa katikati ya neno. Wicak hakutaka kuuachia mkono wa simu.

"Nani amekata, Mbakyu?" Ndivyo alivyoniita, dada mkubwa, nami nikimwita Le, kijana wangu.

"Nitajuaje, Le? Wakubwa wa simu."

"Basi nikikua nitakuwa mkubwa wa simu."

Baba hakupiga tena. Tulikuja kuambiwa alianguka kutoka ghorofani.

Wicak akasoma kwa tempe zangu. Akaingia wizarani Jakarta, kisha wakawa wanamtuma Bangkok, Singapore, hadi Geneva, kukaa na wenzake wa nchi nyingine na kutunga kanuni: laini zisajiliwe vipi, wezi wa mitandaoni wafuatwe vipi wakivuka mipaka, kampuni za simu zitunze nini. Akirudi hukaa jikoni kwangu na kula tempe za moto.

"Wiki nzima tumebishania neno moja, Mbakyu. Tuandike 'lazima' au 'yafaa'."

"Nani kashinda?"

"Yafaa."

"Mngeniita mimi. Jikoni kwangu hakuna yafaa."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nilimpenda sana yule mtoto.

Binti yangu Ratri, mwanangu wa pekee, alishona nguo kiwandani Semarang. Homa ya dengi ilimchukua kabla sijafika hospitali. Aliyempigia simu hakusikia mlio wa kawaida, alisikia sauti ya Ratri mwenyewe aliyoirekodi: "Ngoja kidogo, simu imezama mkobani!" kisha anacheka. Simu yake niliiweka kabatini, kwenye chaji. Kila baada ya magharibi nilimpigia. Kioo kinawaka kabatini, naye anacheka sikioni mwangu. Wicak alijua. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyeniambia, "Laini yake niachie mimi, Mbakyu. Haitazimika."

Jioni moja nikajibiwa na mwanamke nisiyemjua: namba hii haitumiki. Nilidhani ni chaji. Nikaipeleka simu dukani.

"Imefungwa kwa cheti cha kifo, Bu," alisema binti wa dukani. "Ndugu yenu ndiye aliyekileta."

Cheti alikuwa nacho Wicak peke yake. Kisha jirani yangu Bu Darmi akaja mbio na simu yake nimwone Wicak akihutubia ukumbi, amevaa batiki niliyompigia pasi mimi. Alisema wezi hutumia namba za wafu kuwalaghai walio hai, kwa hiyo zifungwe upesi. "Mimi nimeanza na ya mpwa wangu." Wakampigia makofi.

"Kapendeza," alisema Bu Darmi. Aliponitazama usoni, akaizima.

Nikampigia Wicak. "Le, umenikatia."

"Ni usalama, Mbakyu. Nitawaambiaje watu wafunge za kwao na ya kwetu iko wazi?"

"Na sauti?"

"Iko kwa kampuni. Nitaiomba."

Miezi ikapita. Siku moja naloweka soya, simu yangu ikalia, uso wa Ratri ukajaa kwenye kioo. Sijui kusoma, yeye ndiye aliyeniwekea picha nimjue anayepiga.

"Naam, mwanangu," nikasema.

Nikasikia pumzi za mtoto mdogo, halafu mwanamke: "Samahani Bu, mtoto anachezea simu. Namba yenyewe nimepewa majuzi tu."

Picha sikuifuta. Yule mtoto bado hupiga, maana hadi siku ile sikuwa nimeacha kuipigia namba ya Ratri kila jioni, na mama yake alishaihifadhi yangu. Kila mara uso ule hucheka kwenye kioo, na kila mara mdomo wangu hutangulia: naam, mwanangu.

Idi ilipofika, Wicak alikuja. Watu walipanga mstari kuwapigia wakubwa magoti, kama tunavyofanya. Akaweka paji la uso magotini pangu.

"Mbakyu, nisamehe, ya nje na ya moyoni."

Hapo mkubwa humwekea mdogo mkono kichwani, ishara kwamba amemsamehe. Mikono yangu ilibaki mapajani.

"Sauti umeileta?"

"Kampuni wanasema yafaa tuandike upya maombi…"

"Yafaa?"

Nyuma yake mtu alikohoa. Wicak alibaki pale chini, masikio mekundu.

"Inuka, Le. Unawachelewesha watu."

Aliinuka bila mkono wangu. Tangu hapo ameshakwenda Geneva na kurudi. Kanuni ya kampuni kutunza vitu vya wateja aliiandika yeye, na mlango wa kugonga anaujua. Namdai kicheko cha mwanangu. Siku akikileta, ndipo nitakapomwekea mkono.