Mwanamke wa Sanduku Jekundu

Juzi, rafiki yangu, nimeiona tena ile filamu ya Kifaransa. Nimeikuta kwenye simu, nikaitambua kwa lile sanduku jekundu, nikapiga kelele kama mtoto. Lakini lo! Wanaume wanajificha kabatini, milango inabamizwa, watu wanabusiana, wanazabana vibao, wanabusiana tena. Basi. Hiki ndicho tulichokuwa tukikikimbilia?

Pale Katoro tuliitazama mchana, siku ya mnada, kwenye banda la video la jirani yetu. Jenereta linanguruma nje, mimi nimekaa benchi la mbele, mfukoni nina matobolwa ya bibi, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, unatafuna mpaka taya zinauma. Jirani alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akitutafsiria. Kifaransa alikiokota kule Isaka, bandari kavu, kwa madereva wa malori ya Kongo, nani angembishia? Kila kibao alikitilia maneno ya Kisukuma, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Mwaka ule mama alikuwa ameniacha kwa bibi, akaenda Segese kumfuata mnunuzi wa dhahabu. Mtaa mzima ulijua. Kwa hiyo yule mwanamke alipopanda treni na sanduku lake, amemwacha mume, nikaanza kulia. Jirani akanitazama, kisha akasema, "Msimlilie huyu. Mvua zikianza, anarudi."

Nikaamini. Wewe usingeamini? Masika yalipoingia nilifagia uwanja, nikamwekea mama matobolwa kwenye kopo, nikakaa nalo barabarani. Kila jioni bibi alikuja kunishika mkono, tukarudi nyumbani. Masika manne, mama hakuja.

Juzi nikasoma maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mwanamke anapanda treni, anacheka, anasema: Kule sirudi hata nife.

Nikafunga safari mpaka Katoro. Banda sasa ni duka la simu, jirani amezeeka, anauza vocha mlangoni. Nikamwamkia, nikamuuliza. Hakujifanya amesahau.

"Ulikuwa benchi la mbele, mwanangu. Ningesemaje?"

"Ungesema alivyosema. Ningelia siku ile moja, yakaisha."

Akainama. Nilimkasirikia, na bado nina hasira naye. Vicheko vya banda lile havipo tena, bibi naye hayupo nimuulize. Maana bibi alijua mama harudi. Yale matobolwa nilikuwa nikiyala mwenyewe kwa njaa pale barabarani, na kila asubuhi nililikuta kopo limejaa.