Pima Kumi za Bwana Waziri

KINDU, Maniema, 1889 – Saa kumi na mbili asubuhi, Safi anakanyaga udongo. Kaniki ameifunga juu ya magoti, tope limemfika vifundoni, na mdomo wake haupumziki.

"Udongo usipokanyagwa muzuri, ukuta unapasuka," anasema. "Na ukipasuka, watu hawasemi ni mvua. Wanasema ni Safi."

Safi ni fundi wa kukandika nyumba. Kwa miaka kumi na miwili, kuta nyingi za hapa kando ya Lualaba zimepita mikononi mwake. Zamani vilikuwa vibanda vya chumba kimoja. Siku hizi, lo! Wafanyabiashara wa pembe wanavunja vibanda vitatu ili wajenge nyumba moja ya vyumba saba.

"Watu wawili, vyumba saba," anacheka Safi. "Watakuwa wanatafutana mule ndani."

Hata hivyo majumba hayo yanamlisha. Kila chumba humpatia mikono minne ya kitambaa cha merikani, malipo ambayo vibanda havikuwahi kumpa. Lakini mwezi uliopita, nyumba aliyoitwa kuikandika ilitaka kumeza ya kwake.

Mwenye nyumba ni Bwana Waziri, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Nyangwe. Mkubwa wa mji alimpa kiwanja cha pima kumi kuanzia njia ya mto. Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Aliyepima ni Bulaimu, mnyapara wa ujenzi, jitu refu ambalo kila mlango wa Kindu umekwisha kuligonga kichwa. Kigingi cha kumi kilitua katikati ya jiko la Safi.

"Nilikiona karibu na mafiga yangu, nikakaa chini," anasimulia. "Hii njo nyumba aliniachia marehemu mume wangu. Watoto wote wanne nilizalia humu. Nililia, sikuficha."

Akafuta machozi, akakumbuka desturi ya kwao: nyumba hupimwa kwa mikono ya atakayelala ndani. Kesho yake akamkabili Bwana Waziri mbele ya mkubwa wa mji na majirani.

"Bwana Waziri, hii nyumba iko ya Bulaimu?"

"Ya Bulaimu wapi? Iko yangu!"

"Basi, pima na mikono yako."

Watu wakaangua kicheko, kwani Bwana Waziri ni mfupi, na mikono yake ni mifupi zaidi. Angeweza kukataa, ana bunduki na watu. Ila mkubwa wa mji alikwisha kutikisa kichwa kukubali. Bwana Waziri akavua joho, akapima.

"Nilijinyoosha mpaka kwapa zikaniuma," anakiri mwenyewe, akicheka. "Mikono alinipa Mungu, nitagombana na nani? Huyu mama iko na akili."

Pima ya kumi iliishia hatua tatu kabla ya ukuta wa Safi.

Sasa anakandika nyumba hiyo hiyo kwa moyo mweupe. Merikani yake ameitumia kununua miti na majani ya kuezekea, maana binti yake Jamila, aliyefiwa na mume huko Pangi, anarudi nyumbani na mtoto mchanga. Safi atamjengea chumba kabla ya mvua kubwa.

Bulaimu, kwa aibu, amejitolea kumpimia bure. Safi amekataa.

"Udongo iko tayari, miti iko tayari," anasema, akitazama njia ya Pangi. "Vigingi bado. Mikono ya kupima njo iko njiani."