Mkwe Wangu Kwenye Usukani

Katika Busia yote, miaka ile ya kwanza ya Uhuru, diploma ya ufundi wa magari kutoka Uingereza ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu. Hakuna aliyenilipia. Nilichimba dhahabu Tiira, nikaosha vyombo melini, nikasoma. Niliporudi nilichukua chesisi, ule mfupa wa chini, ya jipi la vita, nikaunda kigari kisicho na paa wala milango, cha kupita porini pasipo barabara. Watu walikicheka mpaka kilipowapita matopeni.

Jumapili moja asubuhi nilikiendesha kutoka Paya kwenda hospitali ya Tororo. Mke wangu alikuwa amelala nyuma, uchungu ukiwa siku ya pili, mtoto hashuki. Aliyempakata kichwa ni mama yake. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani, hawasemeshani, wala hawakaribiani. Kwa hiyo mama yule aliketi amenipa mgongo, anatazama tulikotoka.

Nilikata njia majanini ili nifike upesi. Gurudumu la mbele la kushoto likagonga kichuguu kilichofichwa na nyasi. Mke wangu alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Nilipojaribu kuondoka, nilizungusha usukani nusu duara nzima, magurudumu hayakujali, tukaingia kwenye mtama wa watu.

Niliinama nikaona tairodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya mbele, imepinda. Nikasema, ni hii. Nikaifungua, nikaigonga juu ya jiwe. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia ya kwanza. Watu wote walikuwa wamekwenda huko, njia tupu.

"Mwambie bwana yako," mama mkwe alimwambia binti yake, "hii gari si jembe. Amepiga chuma ya kutosha."

"Mwambie mwenyewe, mama," mke wangu akajibu kwa kuguna. "Mimi nakufa na nyinyi mnaoneana haya!"

Nilirudisha tairodi imenyooka kama rula. Kengele ya pili ikalia, nusu saa imeshapita. Nikawasha. Usukani ukazunguka bure vilevile, tukarudi mtamani.

Siku ya kwanza kabisa chuoni tulifundishwa: usukani haupimwi na mtu mmoja. Mmoja auzungushe, mwingine alale chini aangalie ni wapi mwendo unapotea. Nililijua hilo tangu kichuguu. Nilijua pia kwamba wa kuuzungusha alikuwa mmoja tu, mama mkwe, na mimi ningelala chali chini ya miguu yake. Ndiyo maana niliigonga ile fimbo.

Mke wangu alikuwa ameacha kupiga yowe. Hapo nikageuka, nikamtazama mama mkwe usoni kwa mara ya kwanza.

"Mama," nikasema, "njoo ukae hapa mbele. Zungusha kushoto, kulia, pole pole."

Alijifunika uso kwa kitambaa cha kiunoni. Kisha akakifunga tena, akapanda.

Nikalala chini. "Zungusha!"

"Nazungusha! Wewe angalia!"

Nikaona mara moja. Boksi ya usukani, iliyofungwa kwenye chesisi kwa bolti tatu, ilikuwa inacheza kama jino bovu. Bolti mbili zilikuwa zimekatika. Kila nguvu ya usukani iliishia pale, haikufika magurudumuni. Nilifungua bolti mbili za kiti changu, zikaingia, nikazikaza. Haikuchukua muda wa kuchemsha maji ya chai. Nikaendesha nimesimama, jiwe la Tororo, lile kubwa kama mlima, likiwa mbele yangu, linakataa kukaribia.

Hospitalini mke wangu walimwokoa. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Nimetengeneza mamia ya magari tangu siku ile, na yeyote anayesema kuna fundi wa usukani kunishinda kati ya Busia na Tororo na amlete. Lakini muda kati ya kengele ya kwanza na ya pili sijaweza kumweleza mtu.

Mama mkwe alirudia desturi. Akiniona njiani alikata kona vichakani mpaka alipozeeka. Nilipopata gari jipya alimtuma mke wangu kwangu na neno moja: "Mwambie, ikigonga tena, aniite mapema."