Nanasi la Mke wa Mwalimu

Jirani yetu pale mjini Beni alikuwa mke wa mwalimu aliyetumwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali. Siku moja nilipokuwa nikitoka kuchota maji aliniita, akanikatia nanasi. Nilijua nanasi hunichoma ulimi. Lakini kwetu ukikataa chakula cha mtu, ni kama kumwambia unaogopa sumu yake. Nikaona haya. Nikala vipande vitatu.

Kabla sijafika nyumbani midomo ilivimba, koo likaanza kubana. Mama aliponiona aliachia sufuria ikaanguka.

"Ulikula kwa nani?"

Sauti haikutoka. Nikaelekeza kidole kwa jirani. Shangazi yangu, aliyekuwa akichambua maharage, alikiona kidole kile.

Kwenye kituo cha afya walinidunga sindano, nikaanza kupumua vizuri.

"Hii hapana sumu ya mutu, mama," muuguzi alisema. "Ni ile maji ya nanasi yenyewe. Kuna batu mwili yabo inaikataa. Wengine ni nyanya, wengine ata sabuni ya kunukia."

Tuliporudi, vijana walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya mwalimu, wengine na mawe mkononi. Shangazi alikuwa ameshawaambia kwamba nimelishwa sumu.

"Atoke! Arudi kwao na dawa yake!"

"Mwalimu, bibi yako anafundisha somo gani?"

Wakacheka. Kicheko kile kiliniogopesha kuliko mawe.

Mama alijaribu kueleza maneno ya muuguzi. Hawakumsikiliza. Mimi hata shuleni, nikijua jibu, nilikuwa nikinyamaza. Siku hiyo nilipita katikati yao nikiangalia miguu yangu, nikagonga mlango wa mwalimu.

"Mama, niko na njaa," nikasema. "Unipe chakula."

Mke wa mwalimu alifungua kidogo. Alikuwa amelia. Akaleta fufu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo, akaonja kwanza. Nikakaa kizingitini, nikala mbele ya wote.

Kila tonge liliniumiza koo. Nilikuwa nimemsikia muuguzi, lakini sikuwa na hakika kabisa. Je, kama alikosea? Nilikuwa nikijigusa midomo, wao wakiniangalia midomo hiyohiyo. Nilimaliza sahani. Tukangoja.

"Lakini havimbi," mmoja akasema.

Jiwe likaanguka chini, na lingine. Waliondoka bila kuomba msamaha.

Wiki iliyofuata mwalimu alimhamishia mke wake mji wa Butembo. Mama huyo alipopanda pikipiki nilikuwa uani. Aliniangalia, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, pikipiki ikaondoka.