Waya Niliopaka Samli

Mwanangu, iko siku moja ambayo huikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa macho. Huja na harufu ya samli iliyoungua juani, samli ya mama yangu mzazi, ikinuka mahali ambapo samli haikuwa na kazi kabisa: kwenye waya wa mbu wa dirisha la nyumba yangu ya kwanza, mjini Garissa.

Nilipokutembelea juzi niliona waya wa chumba chenu cha kulala umetoboka, nawe umelisokomeza tundu lile soksi. Mgeni hakosoi nyumba kabla ya kunywa chai, na baada ya chai nilisahau, uzee huo. Basi leo nakuandikia, na uniwie radhi nikizunguka kidogo kabla ya kufika.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilitoka kwetu upande wa Sangailu, kwa watu wa ng'ombe, nikaolewa na fundi wa pampu za maji za serikali. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili yenye paa la bati, na kila dirisha limepigiliwa waya. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya miti na mikeka, nyumba inayofunguliwa na kupakizwa juu ya mnyama, na upepo hupita humo bila kupiga hodi. Mara ya kwanza kuuona ule waya nilimuuliza mume wangu kama ni chujio la chai la majitu. Alicheka siku mbili.

Miaka hiyo ilikuwa ya shifta, wapiganaji wa msituni waliopigana na serikali. Kabla yake watu wa Garissa walilala uani, mkeka chini na nyota juu. Vita vilipoanza ikaja amri: jua likizama na filimbi ya askari ikilia, kila mtu ndani mpaka asubuhi. Joto la Garissa unalijua, mwanangu. Sasa lifikirie chini ya bati, nawe huwezi kutia hata unyayo nje. Lile chujio langu ndilo likawa pumzi yetu. Lilileta upepo wa mto na kuwakataza mbu wa mto.

Binti yetu wa kwanza, Nasra, alipotimiza miezi mitatu, mume wangu alitumwa Wajir kutengeneza pampu. Alipanda msafara wa malori ya askari, maana njia haikwendeka kwa namna nyingine. Kabla ya kuondoka alipitisha kidole kwenye vidoa vya kutu dirishani, akaniambia, "Zitunze nyaya hizi. Zikiisha, hakuna lori litakalotuletea nyingine."

Nami nikazitunza. Kwetu chombo cha thamani hutunzwa kwa mafuta. Kamba ya ngozi, ala ya kisu, mshipi wa kubebea kibuyu, vyote hupakwa samli visikauke na kupasuka. Nilikuwa na kibuyu kimoja tu cha samli, alichonipa mama siku niliyoondoka nyumbani. Njia ya kwetu ilikuwa imefungwa, na sikujua lini ningepata kingine, wala lini ningemwona aliyenipa. Nilikitoa hicho hicho. Nikapaka nyaya za nyumba nzima kwa kidole, ndani na nje, nikijisifu moyoni kwamba mume wangu ameoa mke kweli.

Ng'ambo ya ua wa miiba aliishi Mama Mutua, mke wa karani, Mkamba wa upande wa Mwingi. Alikuwa Mkristo, mnene, wa miaka arobaini na kitu. Tulikuwa majirani miezi mitano na sikuwahi kumsalimia. Wao walituogopa kwamba tunaficha shifta, na sisi tuliwaogopa kwamba wanapeleka maneno kwa askari. Nami nilikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanangu. Nilihifadhi kwa moyo mambo mengi tuliyofundishwa juu ya haki ya jirani, awe wa dini yako au asiwe, na ningeweza kuyasoma bila kukosea. Elimu ilikuwa ulimini. Ilikuwa haijashuka miguuni. Siku ile ya kupaka, Mama Mutua aliinua mkono juu ya ua, akaita, "Mama Nasra! Ngoja kwanza!" Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Kilikuwa kiangazi. Vumbi jekundu lilikuja kama lilivyokuja kila siku, ila safari hii lilipofika kwenye waya halikupita. Liliganda. Sisimizi nao wakapata habari. Siku ya kumi waya ulikuwa kama ukuta wa udongo. Mchana chumba kilikuwa na giza, na upepo ulisikika nje kama wageni waliokatazwa kuingia. Nilisugua kwa kitambaa kikavu, nikazidi kulishindilia vumbi kwenye matundu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga kwa kuziba.

Alasiri moja Nasra alikataa ziwa. Mwili ulikuwa umemtoka vipele vya joto shingoni hadi tumboni, akihema upesi upesi kama mwana-mbuzi aliyekimbizwa. Nilihesabu saa zilizobaki kabla ya filimbi. Ikilia, tungefungiwa chini ya lile bati, mimi na yeye, hadi alfajiri, na nilijua moyoni kwamba usiku mmoja zaidi hangeuvumilia. Nikamfunga mgongoni, nikatoka nje na kisu, nikauchana waya wa dirisha la kulalia. Tundu la kwanza likapita mkono. Nilikuwa naanza la pili niliposikia sauti ya Mama Mutua kwenye ua.

"Weka kisu chini, abaayo."

Abaayo, dada. Neno letu, sijui alilipata sokoni kwa nani.

"Mama, mtoto iko moto," nikasema. Kiswahili changu siku zile kilikuwa cha kuokoteza. "Hewa hakuna."

Hakuomba ruhusa. Alijipenyeza kwenye miiba, ikamrarua kanga, akanipokonya mtoto. Akamvua nguo zote, akamweka kivulini barazani, akamfuta kwa kitambaa cha maji. "Mnyonyeshe kidogo kidogo. Usimlazimishe." Kisha akaliendea dirisha. Akagusa, akanusa kidole, akanigeukia.

"Hii ni nini?"

"Samli."

"Samli ya kula?"

"Ya mama yangu."

Akashika kiuno. "Mungu wangu! Sisi huku tunakula ugali mkavu, mwenzetu anakaanga dirisha!"

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Yeye akaacha mzaha. "Nilikuita siku ile. Ningekwambia kwa neno moja tu, ukanifungia mlango. Mimi si askari. Mimi ni mama, kama wewe." Karipio lenyewe lilikuwa hilo, na sijapata kubwa kuliko hilo maishani.

Tukafanya kazi. Alileta nyundo kutoka kwake, akang'oa misumari ya dirisha la kulalia, tukalaza fremu barazani juu ya mawe mawili. Maji ya moto, majivu, kipande cha sabuni. Brashi hatukuwa nayo, nikafunga pamoja vijiti vya mswaki nilivyovitafuna ncha zikawa laini, akavisifu. Nilipoanza kusugua kwa nguvu alinipiga kofi mkononi. "Si sufuria hiyo! Polepole, ufuate nyuzi, usizipinde." Tukasuuza, tukafuta mpaka pakavu, kwa sababu maji yanayolala kwenye waya huzaa kutu.

Likabaki tundu la kisu. Akanipeleka kwenye dirisha la jikoni, lililokuwa na waya uliozidi pembeni, akakata kipande cha mraba kikubwa kuliko tundu. Akachomoa nyuzi za kando moja moja, kila upande ukabaki na ncha kama ndevu. Akazikunja ncha zote kwa pembe ya ubao, akakibandika kiraka juu ya tundu, ncha zikapenya upande wa pili, akazilaza kwa mgongo wa kijiko. Hakutumia gundi wala sindano. Ukikipapasa huhisi kilipoanzia.

Tulikuwa tunapigilia msumari wa mwisho filimbi ilipolia. Mama Mutua akakimbia na unene wake wote, nyundo mkononi, kiatu kimoja akakiacha kwenye miiba. Nami nikaingia na mtoto, nikaketi chini ya dirisha. Upepo wa mto ukapita. Alhamdulillah. Nasra akahema mara mbili tatu kwa nguvu, akashika ziwa, akalala.

Tangu siku hiyo, hata mume wangu aliporudi kutoka Wajir, kila asubuhi salamu ya Mama Mutua ilikuwa moja: "Leo umekaanga nini?" Nami nikamwahidi kwamba njia ikifunguka na mama yangu akinitumia samli, kibuyu cha kwanza ni chake. "Ya kula," akasema, "si ya dirisha."

Mvua zilinyesha mara moja tu tukiwa pamoja. Asubuhi moja nilirudi kutoka mtoni na maji, nikakuta mlango wake uko wazi na nyumba ni tupu. Karani amehamishwa, nao wamepanda msafara uliokwisha kuondoka. Kwenye msumari wa mlango wangu kulikuwa na furushi la karatasi: vipande vya waya alivyokwisha kuvikata mraba, tayari kwa viraka, na kile kiatu kimoja ambacho mimi nilimrudishia, akakipokea huku akisingizia kwamba si chake.

Njia ilipofunguka mama alikuja mwenyewe na vibuyu viwili. Kimoja nikakiweka. Kila dereva aliyekwenda Mwingi nilimwomba amtafute. Wakaniuliza, "Mama Mutua yupi? Wako wengi. Jina lake nani?" Mwanangu, sikulijua. Alimwokoa binti yangu, nami sikuwahi kumuuliza jina alilopewa na wazazi wake. Ile samli ilikaa mpaka ikaharibika. Hata leo nikisikia kanga ikipita kwenye miiba, hugeuka kutazama.

Basi toa hiyo soksi. Kabla ya kila mvua zishushe nyaya zako, uzioshe polepole na kuzikausha. Tundu likiwa dogo litie kiraka siku hiyo hiyo, maana mbu hangoji mshahara. Usipake kitu usichojua kazi yake. Si kila penzi ni dawa. Na ukiitwa kutoka ng'ambo ya ua, simama uitike. Kuuliza si ujinga. Muulize jirani yako ajualo, na kabla ya hilo muulize jina lake, uliweke.

Mwenyezi Mungu aipe nyumba yako upepo usio na madhara, awalinde watoto wako na joto la mchana na wadudu wa usiku, akujaalie jirani wa kukukemea kwa huruma. Na yule mama, popote alipo, juu ya ardhi au chini yake, Mola amfungulie dirisha lenye upepo mwanana, kama alivyotufungulia sisi.