Fundi wa Vizimba vya Paka

Fundi wa vizimba vya paka hakabidhi kazi kabla hajalala ndani yake. Hupapasa wavu kwa kiganja akitafuta ncha za waya, huku akiimba kwa pua, kisha huingia kwa magoti na kujilaza chali, mawingu yakipita juu ya matundu. Leo alikuwa kwa mjane ambaye paka wake hashikiki tangu mumewe azikwe. Mapazia yote yamebaki nyuzi.

"Fundi, umelala?"

"Naangalia atakachokiona yeye, mama. Njoo uone."

Fundi akatoka. Mjane akavua kandambili, akaingia, akalala chali hadi kivuli cha wavu kikamhama usoni. Paka akashuka dirishani taratibu, akaingia kizimbani, akajikunja juu ya tumbo la mjane.

"Fundi," mjane akasema kwa sauti ya usingizi, "hiki kizimba, kipanue kidogo."